Kitabu cha Rafu ya Chini

Jiwe lilikuwa zito. Askari wawili walilishusha kwenye Land Rover wakiguna, na lilipotua mbele ya baraza ya misheni ya Nyamirambira, Mkaguzi Msaidizi Kuruthumu Badru alilivua blanketi lililolifunika, akasogea pembeni ili Padri Evaristi aone vizuri.

"Kitabu chako hicho, Baba Padri."

Padri Evaristi alivaa miwani, akainama. "Hili ni jiwe."

"La kusagia. Ndio ule mzigo ambao mlinzi wako Felisiani aliupakia kwenye lori la Kibondo Jumapili jioni. Watu walimwona, wakaapa kwamba kafunga kitabu ndani ya blanketi. Nimeufuata mpaka Busunzu. Nimelikuta kwa mama mkwe wake, bibi anasagia ulezi."

"Sasa mbona Felisiani hakusema?"

"Kwa sababu ni jiwe la ukuta wako. Alilitoa pale palipobomoka nyuma ya jiko. Akaona afadhali ashukiwe kwa kitabu asichokijua kuliko kwa jiwe analolijua."

Tangu Jumatatu, kitabu kilipokosekana, Padri ndiye aliyesisitiza Felisiani akamatwe, na Felisiani alikuwa bado mahabusu mjini Kasulu. Mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kuagiza apelekwe mahakamani kesho asubuhi. Na kesho hiyo hiyo mgeni aliyetoka Ulaya kuvichukua vitabu vya misheni angeondoka na vilivyosalia. Kuruthumu alibakiwa na mchana mmoja, na ushahidi wake pekee ulikuwa jiwe.

"Nifungulie chumba cha vitabu," alisema. "Na mgeni wako aje."

Chumba kilikuwa juu ya sakristia, ukipanda ngazi nyembamba za mawe. Hakikufanana na chumba chochote cha nchi ya Waha. Madirisha yake yalichongoka juu kama vidole vilivyokutana kuomba, na kupitia madirisha hayo uliona migomba, na ukungu uliokuwa bado umelalia mabonde. Meza ndefu zenye mteremko zilipangwa pande zote mbili. Juu na chini ya kila meza palikuwa na rafu, na kila kitabu kilikuwa na mnyororo, na kila mnyororo ulikuwa na pete, na katika pete zote za rafu moja ilipita nondo iliyofungwa kwa kufuli mwishoni.

Mgeni aliitwa Bwana Verlinde, mtu mrefu aliyejikunja mabega, mwenye Kiswahili alichokiokota Bukavu alipokuwa kijana.

"Nisimulie habari za vitabu hivi," Kuruthumu alimwambia. "Tangu mwanzo."

"Siku ya Jumatatu nilisha kuambia, Madame."

"Jumatatu nilikuwa nikimtafuta mwizi. Leo nakitafuta kitabu."

Verlinde akamtazama kidogo, kisha akavuta kigoda. Alisimulia kwamba katika mji wao, Arvelde, kuna kanisa kuu lililojengwa karne ya kumi na tatu, na juu ya ukumbi wake kuna chumba kama hiki. Enzi hizo kitabu kimoja kilikula ngozi za zizi zima la ndama, kwa hiyo mapadri waliweka minyororo. Moto ukaunguza paa, wakavirusha vitabu uani. Jeshi la kigeni likafunga farasi humo, wakavificha kaburini mwa askofu. Mto ukafurika, wakavipandisha mnarani kwa kamba. Ilipokuja vita kuu ya pili, askofu aliogopa mabomu, akavitoa vile vya zamani zaidi na kumkabidhi kijana wa mji huo, Padri Odilo, aliyekuwa akija Tanganyika. Avitunze mpaka amani irudi. Vikashuka Dar es Salaam, vikapanda gari moshi hadi Kigoma, vikapandishwa milima hii juu ya vichwa vya watu.

"Amani ilirudi," alisema Kuruthumu.

"Ilirudi. Lakini Padri Odilo hakuvirudisha. Mwaka moja aliandika, mvua. Mwaka ingine, barabara. Halafu akaanza kujenga chumba hiki. Alikumbuka kila kitu, dirisha, meza, hata nondo. Watu wa hapa walimubebea mawe. Sizani walijua wanajenga nini." Verlinde alipitisha kiganja juu ya meza. "Alikuwa anajenga kwao. Iko nje hapa kwa mulango, kaburi yake."

"Na wewe?"

"Mimi? Baba yangu alikuwa mutunzaji wa chumba kule, na mbele yake baba yake. Nilipokuwa kadogo alinibeba, akanionyesha rafu. Akasema, pale. Sikuona kitabu, niliona nafasi tu. Hatukuweka kingine pale. Nimezeeka nikiangalia nafasi, Madame."

Kuruthumu akauliza, "Kilichopotea ndicho cha thamani kuliko vyote?"

"Hapana! Hii ndiyo ya thamani." Aligusa kitabu kidogo kwenye rafu ya juu, chenye dhahabu iliyong'aa ukingoni. "Ile ni zaburi tu za kuimba. Imechoka. Iko na picha za wanyama pembeni, na masizi mingi, na mafuta. Lakini kwetu kuna mafundi wa kusafisha. Doa yote itatoka. Hata Jumapili kanisani niliwaambia waumini, musilie, vitabu vyenu vitakuwa vipya tena kama siku ya kwanza."

Kuruthumu aliinama kwenye kufuli la rafu ile. Halikuwa na mkwaruzo. Aliyekichukua kitabu alifungua kwa ufunguo, akavuta nondo, akatoa kitabu pamoja na mnyororo wake, akairudisha nondo katika pete za vitabu vingine, akafunga tena. Vilivyobaki vilisimama wima, sawasawa.

"Mwizi huvunja," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. "Akikosa kuvunja, hukimbia. Huyu alipanga nyumba kabla ya kutoka. Akakiacha chenye dhahabu, akainama kuchukua cha chini kabisa. Ufunguo uko kwa nani?"

"Mmoja kwangu, huu hapa," Padri Evaristi alipapasa mshipi wake. "Mwingine kwa Sista Theodosia, anayekitunza chumba. Naye amekwisha kukujibu."

Kuruthumu alikunja sketi yake ya sare, akaketi sakafuni.

"Afande! Utachafuka," alisema Padri.

Kutoka pale chini chumba kilibadilika. Madirisha na dhahabu vilipotea machoni. Kilichobaki ni miguu ya meza, na ile rafu ya chini, sasa ikiwa usawa wa kifua chake. Mnyororo wa kitabu jirani aliuvuta, ukafika sakafuni. Mtu aliyeketi hapa angeweza kufungua kitabu mapajani bila ufunguo wowote. Akawasha tochi, akaimulika mbao chini ya meza.

Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa kwa ajili ya mgeni, na sakafu imesuguliwa. Lakini hakuna aliyekumbuka kufuta chini ya meza. Pale palikuwa na michoro ya mkaa: mnyama mwenye pembe na miguu mitano, ndege, mnyama mwingine anayeng'ata mkia wake. Mistari yake ilikuwa minene na mifupi, ya kidole, si ya kalamu. Kidole kidogo sana.

"Nani alilala humu, Baba Padri?"

"Humu? Hakuna." Kisha uso wa Padri ukabadilika. "Aa. Wakimbizi wa Burundi. Mwaka ule wa tisini na tatu, kabla kambi hazijakaa sawa. Mvua ilikuwa inawanyeshea. Akina mama wenye watoto tuliwaweka humu."

Sista Theodosia alikuwa nyuma ya jiko, amekaa juu ya mkeka, anachambua maharage. Alikuwa mwanamke wa makamo ya kuzeeka, mzaliwa wa Kabanga, mwenye mikono mikubwa ya mkulima. Hakusimama.

"Mwakeye, Sista."

"Twakeye, mwanangu. Nilishakuambia. Ufunguo wangu haujatoka mkononi mwangu."

"Nimeandika hivyo. Leo nina swali jingine. Mtoto aliyelala chini ya meza ya mwisho aliitwa nani?"

Vidole vya Sista vilisimama kati ya maharage.

"Walikuwa watoto wengi."

"Huyu alipenda kuchora wanyama."

Jogoo alipita kati yao, akadonoa punje, akaenda zake.

"Ange," alisema Sista kwa sauti ya chini. "Asubuhi zote alikuwa na kile kitabu. Mimi nilipaswa kumkataza. Mikono yake ilikuwa na mkaa wa jikoni, na uji. Lakini ungemwona, Afande! Walikuwa wametembea wiki nzima porini, na baba yake wamemwacha njiani hajazikwa. Mtoto hakuwa amesema neno tangu wafike. Neno lake la kwanza alikiambia kitabu. Alisema, *imbwa*. Alikuwa ameona mbwa pembeni mwa ukurasa."

"Mama yake yuko wapi?"

"Sitakudanganya, na sitakusaidia."

Kuruthumu alichutama mbele yake. Akatoa jalada kwapani, akafungua maelezo ya Felisiani. "Basi nisaidie kuelewa haya. Mlinzi anasema: 'Baada ya misa ya Jumapili hakutoka mtu na mzigo. Nilimwona mama mmoja tu aliyechelewa, akashika njia ya Mtabila, amebeba mtoto mgongoni kwa kitenge. Mtoto alivishwa njuga, nilizisikia zikilia.' Mimi nimeishi huku siku nyingi, Sista. Mtoto wa mgongoni havai njuga. Njuga ni za anayejifunza kutembea."

Sista Theodosia alifanya ishara ya msalaba.

"Ulikuwa mnyororo," alisema Kuruthumu.

"Nifunge mimi. Mwachie Felisiani, nifunge mimi. Ufunguo haukutoka mkononi mwangu, nilikuambia kweli. Nilifungua mimi mwenyewe."

"Na ukamwacha Felisiani alale mahabusu?"

Hapo mama mtu mzima akalia, bila sauti, maharage yakimwagika kutoka mapajani. "Nilimwomba mama Ange anirudishie kabla hujarudi kutoka Busunzu. Nilisema siku mbili tu. Nilisema mwache akitazame, kisha Mungu atatuonyesha njia."

Kambi ya wakimbizi ya Mtabila haikuwa mbali kwa gari. Vibanda vya udongo vilijipanga mlimani chini ya maturubai ya plastiki, moshi wa asubuhi haujaondoka, na watu walilipisha Land Rover la polisi kwa woga wa waliozoea kukimbia. Kwenye bomba la maji Kuruthumu alimkuta mwanamke akisubiri ndoo ijae.

"Namtafuta mama Ange. Nimesikia ana mtoto mchanga."

"Niyubahwe?" Mwanamke alishangaa. "Hana mtoto. Alikuwa na yule mmoja. Tulimzika upande ule, mwaka wa kuhara damu. Nani kakuambia ana mchanga?"

"Mtu aliyemwona kwa mbali."

Niyubahwe alikuwa nyuma ya kibanda chake akipalilia mihogo. Mwembamba, kijana kuliko Kuruthumu alivyotegemea. Aliona sare, akalaza jembe chini taratibu.

"Amahoro," alisema Kuruthumu.

"Amahoro, Afande."

"Nimekuja kumwona mtoto uliyembeba Jumapili."

Hakukana. Aliingia ndani, akatoka na kitenge kilichofungwa vizuri, ncha zake zimekunjwa kama unavyomkunjia mtoto asipigwe na baridi. Akakilaza juu ya mkeka, akakifungua. Mnyororo ulilia. Kitabu kilikuwa na urefu wa mkono, majalada yake ya mbao yamevikwa ngozi iliyoganda weusi. Alifungua bila kutafuta, kama mtu anayejua mlango wa nyumba yake gizani.

Pembeni mwa nota za zaburi, mbwa mwekundu alikuwa akimkimbiza sungura. Na juu ya mgongo wa mbwa, kwa mkaa na mafuta, kiganja cha mtoto. Kiganja kizima. Vidole vitano vimetanuka, hata mistari yake ikionekana.

"Alikuwa anampapasa," alisema Niyubahwe. "Alidhani atamsikia manyoya."

Kuruthumu alitazama muda mrefu.

"Una picha yake?"

"Picha tungepigia wapi? Nguo zake nilimpa wa jirani, mtoto yule alikuwa uchi. Mkeka wake walituambia tuuchome kwa sababu ya ugonjwa. Nimebaki na hiki." Alisogeza kidole karibu na alama ile, hakuigusa. "Kila Jumamosi naenda kumsaidia Sista kufagia. Nikimaliza kufagia nakaa chini, nakifungua kidogo, nafunga, narudi nyumbani. Sikuwahi kukitaka kiwe changu."

"Kwa nini basi ulikichukua?"

"Kwa ajili ya yule mzungu. Kwenda, kiende. Sisi wenyewe tumehama, kitabu nacho kihame, ni sawa. Lakini alisema watakiosha. Afande, alisema kila doa litatoka."

Upepo ulipiga turubai. Kuruthumu alifunika kitabu kwa kitenge.

"Kuna mtu yuko mahabusu kwa ajili yake," alisema. "Ana mke."

"Sikujua. Sista hakuniambia." Niyubahwe alisimama, akajipangusa udongo magotini. Bila kuambiwa, alikichukua kitabu, akakipandisha mgongoni, akafunga kitenge kifuani. Kuruthumu hakumkataza. Walirudi hivyo hadi Nyamirambira, mwanamke amekaa kwenye benchi la nyuma la Land Rover, mkono mmoja nyuma, akikizuia kisitikisike kwenye mashimo.

Padri Evaristi alipokiona, alitaka kusema mengi. Kuruthumu aliinua kiganja.

"Baba Padri, wewe ndiye mlalamikaji. Kabla hujaongeza neno kwenye jalada langu, msikilize huyu."

Kitabu kiliwekwa juu ya meza ya mteremko. Verlinde alikipapasa ngozi kwanza, macho yamelowa, kama mtu aliyekutana na ndugu yake kituoni. Kisha Niyubahwe akamfungulia ukurasa. Alisema maneno machache, Kiswahili na Kirundi vikichanganyika, na pale Kiswahili kilipomwishia Sista Theodosia alimalizia.

"Pole, mama," alisema Verlinde. "Pole sana. Lakini kazi ya mafundi ni kurudisha kitabu vile kilikuwa."

"Kwenye vitabu vingine vya kwenu hakuna alama za watu?" Niyubahwe aliuliza.

Verlinde alisita. Alikuwa mtu mkweli. "Ziko. Nta ya mishumaa ya wamonaki. Iko ukurasa moja, paka alipita na wino kwa miguu. Watu wanatoka mbali kuiona."

"Hao mnawaosha?"

"Hapana. Hao ni wa zamani."

"Na wangu ni wa zamani," alisema Niyubahwe. "Hatakuja tena."

Verlinde aliketi kwenye kigoda chake, akavua miwani, akaishika tu mkononi bila kuifuta. Nje, watoto wa shule ya msingi walikuwa wakiimba jedwali la kuzidisha.

"Hawataiosha," alisema mwishoni. "Mimi ndiye mutunzaji. Nikiwa hai hawataiosha, na nikifa nitakuwa nimesha waambia."

"Waambie anaitwa Ange."

"Ange," alirudia Verlinde.

Padri Evaristi alikohoa. Akasema kwamba kwa upande wake hakukuwa tena na kitu kilichoibiwa, ila jiwe, na jiwe angependa abaki nalo bibi wa Busunzu kwa vile ulezi ulikwisha kulizoea. Kuruthumu aliandika, akamsainisha. Sista Theodosia aliomba lifti ya kwenda Kasulu ili awe wa kwanza kumwona Felisiani akitoka na kumpigia magoti. Kuruthumu alisema atampa lifti, lakini hayo ya magoti wataelewana wenyewe.

"Bado jambo moja," aliongeza. "Kielelezo hakiondoki nchini kabla ya kupigwa picha. Ndiyo taratibu."

Taratibu hiyo Padri hakuwahi kuisikia, na askari wawili walitazamana. Lakini aliyeisema alikuwa Mkaguzi Msaidizi, na gari lilikwenda mjini, likarudi na Abbasi wa studio, na taa zake, na kamera yake ya miguu mitatu. Abbasi aliufungua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Kuruthumu alitoa rula mfukoni, akailaza kando ya kiganja cha mkaa, kama anavyofanya kwenye nyayo za wezi wa ng'ombe.

"Ukiisafisha picha," alimnong'oneza Abbasi, "kuza mpaka sentimita ya kwenye picha iwe sentimita kweli. Usizidishe, usipunguze."

Siku iliyofuata vitabu viliondoka kuelekea uwanja wa ndege wa Kigoma. Niyubahwe hakuja kuvisindikiza. Alikuja Kasulu Ijumaa, kwa miguu, akasimama nje ya kituo cha polisi mpaka alipoitwa ndani. Kuruthumu alifunga mlango wa ofisi, akampa bahasha.

Mwanamke aliitoa picha kwa ncha za vidole. Aliigeuza kwenye mwanga, akainusa, na kwa kitambo uso wake ukadhoofika, kwa sababu ilinuka dawa za studio tu.

"Hii mistari ya pembeni ni nini?"

"Rula. Inaonyesha ukubwa wake."

Niyubahwe aliiweka picha mezani. Akaweka kiganja chake juu ya kile kidogo, akakiondoa, akakiweka tena polepole, mpaka vidole vile vikatulia ndani ya vyake.

"Ego, ndiye," alisema. "Alikuwa hivi. Hivi hasa."

Kuruthumu aligeukia dirishani, akamwacha akae kadiri alivyotaka.